Matawi ya Kumfunika Kipyenga

"Toa hizo risasi kwanza, halafu ndiyo upige kelele," Inspekta alisema.

"Sitoi. Tembo kaua mtu, tembo anapigwa leo. Sheria ndiyo inavyosema."

Aliyekuwa anafoka ni Radi, askari wa wanyamapori. Kati yao, juu ya meza ya kulia chakula ya askari, alilazwa Kipyenga, mkuu wa kituo chao cha wanyamapori, fuvu limepasuka, damu imegandia sikioni. Kipyenga alikuwa shemeji yake Radi, kamwoa dada yake. Dada mtu kajikunja kwenye benchi, hata kulia kumemshinda. Nje wakulima wamejaa na mapanga, wanataka Kigutu, yule tembo aliyekatika pembe moja, afe kabla jua halijazama.

Inspekta hakuwa na haraka. Alikuwa ametoka porini ilikookotwa maiti, karudi na mzigo wa matawi yaliyoifunika. Tembo akiua mtu, wakati mwingine humfunika na matawi. Hilo Radi alilieleza mwenyewe, tena bila kuulizwa. Lakini daktari alikuwa kasema mbavu zote nzima, kifua hakina hata mchubuko. Sasa tembo gani huyo anakanyaga kichwa tu?

Inspekta akayamwaga matawi sakafuni. Yote yamekatwa mshazari, safi, pigo moja moja.

"Tembo anavunja tawi au anakata?"

"Anavunja," Radi alisema.

"Basi Kigutu kanunua panga."

Konstebo pale mlangoni kicheko kikamponyoka, akakimeza.

Radi akainua bunduki. Inspekta akamuwahi, kiwiko cha koo, goti la tumbo, akampokonya bunduki na kumshushia kitako chake mdomoni. Jino likaruka mpaka chini ya benchi. Konstebo akamkalia mgongoni, akamtia pingu, akamkalisha ukutani.

"Mkulima angeua akakimbia," Inspekta alisema, anahema. "Kufunika ni akili ya mtu wa kazi hii."

Dada mtu ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo.

"Ulimpiga na nini baba watoto wangu?"

"Nondo ya uzio."

"Mara ngapi?"

"Mpaka akaacha kuniita shemeji."

Baada ya hapo yakamwagika yote. Kigutu alikuwa anamaliza shamba la mama yao kila msimu. Mwezi uliopita akasukuma ukuta wa nyumba, ukamwangukia mama, nyonga ikavunjika. Radi akaomba kibali cha kumpiga. Kipyenga akakataa katakata: shamba liko kwenye njia ya tembo, na tembo hapigwi mpaka aue mtu.

"Mpaka aue mtu," Radi alisema, anatema damu. "Kayasema hayo mama yupo kitandani anasikia. Nikajiuliza, anasubiri afe nani, kama siyo mama? Basi nikawapa mtu."

Dada mtu akainuka. Ngumi ya kwanza ikampata Radi jichoni, ya pili kwenye ule mdomo uliopasuka. Konstebo aliangalia pembeni. Inspekta ndiye aliyemshika mkono, naye hakuushika mapema.

Kisha akavaa kofia. Nje kuna watu wanasubiri kusikia Kigutu anapigwa, na lazima aende kuwaambia hapigwi.

"Inspekta," Radi aliita. "Giza likiingia Kigutu atarudi pale shambani. Mama hawezi hata kujigeuza. Nani atamtoa?"

Inspekta alisimama, mkono kwenye kitasa. Akatoka, akafunga mlango.