Siku Tatu za Kapembwa

Safari ile mjinga alikuwa Kapembwa, wala mwenyewe hakatai.

Jumapili, kwenye matanga, aliwatania Wangoni mbele za watu. Kwa utani watu wa kabila lake huwaita Wangoni wala panya, na Wangoni huwaita wao wala nyani. Kiwanda cha nyaya za shaba pale Luanshya kilikuwa kinapunguza wafanyakazi. Kapembwa akasema hao wala panya ndio watakaoondoka. Msimamizi wa zamu kama yeye, mtu wa miaka kumi na miwili kazini, haguswi.

Jumatatu orodha ikabandikwa getini. Jina la kwanza lilikuwa lake. Barua ilisema kazi yake itakwisha baada ya siku thelathini.

Hakumwambia hata mkewe, Chola. Kesho yake alivaa ovaroli, akabeba ubwali, ugali wa kwao, na dagaa, akaondoka kama kawaida. Lakini hakwenda kiwandani. Alikwenda bwawani akajificha kwenye matete. Angewatazamaje watani wake? Mtu akipita, yeye huinama akajifanya anafunga kamba za viatu. Buti zake hazikuwa na kamba.

Siku ya tatu ya kujificha hivyo, jioni, aliporudi nyumbani alimkuta mama Jere ameketi na Chola. Mama huyu ni Mngoni, mtani wake, tena mwakilishi wa wafanyakazi kiwandani.

"Mtani, samaki wa bwawani hawajambo?" aliuliza mama Jere.

Chola akamtazama mumewe. Kapembwa alitamani ardhi ipasuke.

"Nimepunguzwa," alisema kwa sauti ndogo. "Niliona haya."

"Sisi wala panya tuko kazini. Wewe mla nyani uko kwenye matete," alisema mama Jere. Kisha akaacha utani. "Kupunguzwa si kosa lako. Utoro ndio kosa lako. Mpaka siku ya mwisho ya notisi, wewe ni mfanyakazi. Ukikosa bila ruhusa wanaweza kukufukuza, na malipo ya kupunguzwa ukayakosa."

"Na wao hawana wajibu?" Chola aliuliza.

Mama Jere akaeleza taratibu. Mwajiri hutoa notisi, humjulisha ofisa wa kazi wa serikali, na hukaa na wawakilishi kutafuta njia ya kupunguza idadi ya watakaoondoka. Kwa ajira kama ya Kapembwa, malipo hayapungui mishahara ya miezi miwili kwa kila mwaka aliofanya kazi, na hutolewa kabla siku ya mwisho haijapita. Tena asisaini barua ya kuacha kazi kwa hiari. Aliyeacha mwenyewe hahesabiwi kuwa amepunguzwa.

 Barua ya namna hiyo Kapembwa alikuwa ameianza kulekule bwawani, ili aseme ameacha mwenyewe.

Asubuhi alirudi kazini, akaomba radhi. Alipewa onyo la maandishi na kukatwa mshahara wa siku tatu. Wangoni walimcheka mpaka machozi, naye akavumilia. Akafanya kazi hadi siku ya mwisho. Vikao na mwajiri viliokoa majina manane. Lake halikuwamo.

Malipo yake aliyapata yote, siku ileile ya mwisho, lakini si kabla ya karani wa malipo kujaribu bahati. Alisema mtoro hawezi kulipwa miaka yote. Mama Jere alifungua mdomo. Kapembwa akamshika mkono na, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumatatu, akamtazama mtu usoni.

"Siku tatu nilitoroka, mkanikata," alimwambia karani. "Ile miaka kumi na miwili niliitoroka lini?"