Fulana ya Kisasi

Roda alishuka kwenye bodaboda pale soko la Tunduma akiwa na mfuko wenye blauzi iliyopasuka, na maneno makali mdomoni. Jumapili kwaya ilikuwa imesimama mbele, wakainua mikono wote, na blauzi yake mpya ya kitambaa cha kuvutika ikaachia kutoka kwapani mpaka kiunoni. Waimbaji wenzake walicheka hadi mwalimu akasimamisha wimbo. Leo alikuja kumla mtu nyama.

Mama aliyemuuzia kitambaa hakuwepo. Alikuwepo mpwa wake, kijana mrefu, jinzi nyeusi na kofia ya sufu, anawaita wateja waliovuka mpaka kutoka Nakonde, upande wa Zambia. "Bamayo, akina mama, karibuni! Kinavutika, hakipauki!"

"Hakipauki, kinapasuka!" Roda alimtupia blauzi kifuani. "Mmeniuzia uozo!"

"Naitwa Eliakim," kijana alisema. "Ukitaka kunipiga, angalau ujue unampiga nani." Akaigeuza blauzi ndani nje. "Fundi nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Umeshona mshono ulionyooka."

"Ulitaka upinde?"

"Ndiyo, zigizaga. Kitambaa kinavutika, uzi wako hauvutiki, lazima ukatike. Hapo kitambaa kimekosa nini, dada?"

Roda alitaka kucheka. Akabana midomo, maana hakuja kwa ajili hiyo.

Jioni ile, kama walivyopatana, Eliakim alifika mtaa wa Majengo, kwenye chumba cha Roda, na sindano yenye ncha butu kwa ajili ya vitambaa vya aina ile. Aliwahi kufanya kazi kwa fundi wa fulana huko Lusaka. Akazungusha kitufe cha pembeni ya cherehani, kile ambacho Roda hakuwahi kukigusa tangu ainunue, na uzi ukaanza kutembea kwa kona kona.

"Usikivute, mama. Kiache kiende chenyewe."

"Nani mama yako?"

"Basi mpenzi."

"Haraka hiyo!"

Akampima kwa futi ya kitambaa, mikono yake ikikwepa kwa adabu. Kifua thelathini na sita, kiuno ishirini na tisa, nyonga arobaini. "Sasa toa inchi tatu kila mahali. Hiki unakata kidogo kuliko mwili, chenyewe kitanyooka kikushike."

Kilimshika kweli. Jumapili iliyofuata aliinua mikono juu kuliko wote, huku akiwaangalia wale wa sauti ya pili mmoja mmoja. Kufika mwezi wa tatu Eliakim alikuwa na kikombe chake mle chumbani, na Fides, jirani wa ukuta mmoja, alikuwa na habari zao zote.

Ndipo siku moja Eliakim akaleta kitambaa cha bluu. "Nishonee fomu siksi, fulana ya kola. Jumapili ijayo nina safari ya heshima."

"Wapi?"

"Utajua tu, laazizi."

Alipoondoka, Roda alikunjua kitambaa na karatasi ikadondoka. Mwandiko ulikuwa wa Eliakim: *Blauzi ya posa. Kifua 33, kiuno 26, nyonga 37.*

Moyo ukampasuka. Alijipima mara mbili, na mara zote mbili vipimo havikuwa vyake. Ni kimbaombao fulani huko! Akamwita Fides, na Fides hakuchelewa kumwaga petroli.

"Shoga, nilinyamaza tu. Juzi nimemwona kwa fundi kule mtaa wa Mwaka na kitambaa cha rangi ya damu ya mzee. Anamwambia fundi, awahi, ni cha mchumba."

"Mchumba! Halafu mimi nimshonee nguo ya kwenda kuposa?"

"Mrudishie kitambaa chake."

"Nimrudishie?" Roda alicheka kicheko kibaya. "Namshonea. Tena napiga pasi."

Simu ikaita. Eliakim.

"Mpenzi, fulana imefika wapi?"

"Iko kwenye mashine, baba. Utapendeza."

"Mbona sauti yako kama umekunywa siki?"

"Mafua. Ukifika huko, wainamie wakwe... wainamie wenyeji vizuri. Piga magoti kabisa."

"Roda, una nini?"

Alikata simu, akaizima kabisa. Kisha akarudisha kile kitufe kwenye mshono ulionyooka, akaulegeza, akatafuta uzi wa zamani uliokaa dirishani unapigwa jua mwaka mzima. Alishona akilia na kutabasamu. Nitasema ukweli, sijaona mtu aliyefurahia kazi yake namna ile. Akilini alimwona Eliakim amepiga magoti mbele ya wakwe, mgongo wazi, yule kimbaombao amejifunika uso. Kilichomuuma ni kwamba hatakuwepo kuona. Fulana ikapelekwa na Fides, imenyooshwa, inanukia sabuni.

Ijumaa mama yake alimpigia kwa simu ya Fides. "Mbona hupatikani? Jumapili njoo nyumbani Nanyala, baba yako ana wageni wa biashara ya kahawa. Uje tusaidiane kupika."

Akaenda. Saa sita mchana, mikono ina harufu ya vitunguu, alibeba birika na beseni kwenda kuwanawisha wageni sebuleni. Kwenye kochi alikaa mzee Ambwene, mshenga kutoka Mbebe. Pembeni yake, fulana ya bluu, kola imesimama, alikaa Eliakim.

Birika nusura limwagike. Safari ya heshima ilikuwa ya kuja hapa. Kimbaombao hakuwepo. Thelathini na sita toa tatu... Mungu wangu! Inchi tatu alizofundishwa na mtu huyuhuyo!

"Baba," alisema kwa haraka, "mgeni anaona baridi. Nimletee koti lako."

Mzee Nathanaeli alimtazama binti yake. "Amekuambia anaona baridi?"

"Niko sawa, mzee," alisema Eliakim, macho yake kwa Roda, makavu. "Nimevaa nguo nzuri."

"Vaa koti," Roda alinong'ona akimwagia maji. "Nakuomba. Usiiname."

"Niliambiwa nipige magoti kabisa."

Na akapiga. Alichukua furushi lililokuwa pembeni yake kwa mikono miwili, akanyoosha mikono mbele kumkabidhi mzee, akainama. Praaa! Ikaanza kwapa la kushoto, ikashuka ubavuni, ikahamia mgongoni. Mzee Ambwene akakohoa. Mama akasema "Yesu wangu!" na kugeukia ukuta, mabega yanatetemeka.

"Kijana," alisema Mzee Nathanaeli polepole, "nguo hii kakushonea nani?"

Eliakim hakuinuka. "Fundi wangu ni mzuri, mzee. Siku hiyo alikuwa na hasira."

Roda angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Aliweka beseni chini, akapiga magoti kando yake.

"Ni mimi, baba. Nilidhani anaenda kwa mwingine. Nilifanya makusudi."

Roda akamgeukia Eliakim, machozi yanamtoka. "Uliuona mshono?"

"Si mimi niliyekufundisha? Nilipoigeuza tu nikaona."

"Sasa kwa nini ukaivaa?"

"Wiki nzima umenizimia simu, umenihukumu bila kuniuliza neno. Nikasema nitaivaa hivyohivyo, uone kazi yako mbele ya baba yako. Umesikia raha?"

"Hapana," Roda alisema. "Nisamehe."

Mzee Ambwene alifungua furushi. Ndani ya khanga ilikuwamo blauzi ya rangi ya damu ya mzee, zigizaga safi kila upande. Mama alienda nayo chumbani pamoja na Roda, na Roda aliporudi ameivaa, ilikuwa imemshika mabegani na kiunoni bila kujikunja mahali popote. Eliakim alimeza mate na kusahau kununa.

"Mahari tutazungumza," alisema Mzee Nathanaeli. "Kwanza mleteeni Roda sindano na uzi. Amshonee hapahapa, nikiona."

Roda akakaa nyuma yake, akaanza kushona kwa mkono, kona kona, taratibu. Alipofika katikati ya mgongo, alimchoma kidogo.

"Uwii!"

"Nini?" aliuliza mzee.

"Sindano, mzee."

"Hiyo ni ya kunificha posa," Roda alimnong'oneza sikioni. "Tulia, bado kwapa la kushoto."