Email ya Caren

Osewe alikuwa hajaandika password. Alishtuka kidogo, kisha akapuuza, maana Osewe ni mtu wa kupuuza mambo, na nakwambia mapema kwamba tabia hiyo ndiyo iliyomponza. Alikuwa amejaza jina la seva, akajaza anwani, na kabla hajagusa kitufe kingine barua zikaanza kuingia zenyewe, ting, ting, ting, mia mbili na kitu. Akajiambia labda kompyuta ilihifadhi password kutoka zamani. Kompyuta yenyewe ilitolewa kwenye boksi asubuhi hiyo.

Hapo alikuwa katika shule ndogo ya chekechea huko Kawangware 46, saa nne ya asubuhi, watoto wakiimba nje. Osewe ni fundi wa kompyuta, kibanda chake kiko Kambi Muru, Kibera. Mwenye shule, Madam Nyawira, alimwita aje amwekee sekretari mpya programu ya email. Na sekretari mwenyewe alikuwa Adhis, dada mdogo wa Osewe, mwenye mimba ya miezi saba. Baba ya mtoto alikuwa ametoroka, Adhis akawa analala sakafuni kwa kaka yake, na kazi hiyo Osewe ndiye alimtafutia.

Sasa, seva ya shule ilikuwa na nafasi za watu watano tu, na zote zilikuwa zimejaa. Mafundi wa huku kwetu hawasumbuki. Wanachukua email ya mtu aliyeacha kazi, wanabadilisha jina linaloonekana juu, na maisha yanaendelea. Osewe akachukua ya sekretari wa zamani. Akafuta Caren, akaandika Adhis. Anwani ya chini ikabaki ya Caren vilevile.

Lakini Caren hakuacha kazi. Caren aliungua ndani ya nyumba yake Kambi Muru mwezi wa pili, akiwa na mimba, na Osewe alikuwa mmoja wa waliokimbia na ndoo wakimwita. Kwao Osewe, upande wa ziwa, jina la marehemu si kitu cha kuchezea. Marehemu ndiye huja katika ndoto kuomba mtoto aitwe yeye, na mtoto asipopewa jina lake hulia mpaka litajwe. Aliyekufa kwa moto na mimba tumboni hapewi mtoto. Jina lake linaachwa lilale. Osewe aliyajua hayo tangu utotoni, lakini nani hukumbuka mila akiwa anajaza namba za seva? Adhis alipouliza huyo Caren alienda wapi, akamwambia ameolewa Malaba, yuko poa. Angemwambia ukweli, Adhis hangekalia kile kiti hata dakika moja.

Wiki ya tatu Adhis alirudi nyumbani akiwa na furaha. Akasema huyo Caren ana roho safi kweli.

Osewe akaweka sufuria chini. "Caren gani?"

"Si huyo wa Malaba. Nadhani bado ana hiyo email kwa simu yake. Amekuwa akiniandikia tangu nianze, ananionyesha mafaili yako wapi."

"Na nini ingine?" Sauti ya Osewe ilikuwa imeshuka kabisa.

"Ananiuliza tu mtoto. Kama anacheza, kama nimechagua jina. Nikamwambia bado. Nikamwambia siku nikijifungua akuje."

Osewe hakula siku hiyo. Kesho yake alienda shuleni mchana, akamtuma Adhis dukani, akafunga mlango. Barua zilikuwepo kweli, kumi na tisa, zimetoka kwa Caren zikaenda kwa Caren, zote zimetumwa kutoka kompyuta hiyohiyo, nyingine Jumapili wakati shule imefungwa na kompyuta imezimwa kabatini. Alikuwa akizisoma hivyo, watoto wakiimba ng'ambo ya mabati, aliposikia harufu ya mafuta ya taa, hafifu kwanza, kisha ya nywele zinazoungua, na vitufe vikaanza kupata moto chini ya vidole vyake, na alipotaka kuinua mikono mikono haikuinuka, na nyimbo za nje zikazimika zote kwa pamoja ingawa kupitia dirishani aliwaona watoto midomo yao ikifunguka na kufumba, na katika ukimya huo ikalia ting moja, na barua ya ishirini ikafunguka yenyewe mbele ya macho yake.

Ilisema: Osewe, nilikuwa nakusikia ukiita.

Aliogopa mpaka akajikojolea, na hapo ndipo mikono ikaachia. Nasema tu vile ilivyokuwa.

Jioni hiyo akamtafuta Mama Nekoye, yule mama wa maombi anayefua nguo za watu wa Nyayo Highrise, anayejulikana kwa kutoa majini. Mama akaja shuleni na maji ya chumvi na Biblia yake. Aliomba mbele ya ile kompyuta mpaka kitambaa cha kichwa kikaloa jasho, kisha akanyamaza katikati ya neno na kuanza kufunga vitu vyake.

"Jini la kujileta mimi natoa," akamwambia Osewe polepole. "Hili wewe umelipa jina na kiti, na dada yako amelikaribisha kwa mdomo wake. Mwambie ukweli, alikatae mwenyewe kabla hajazaa."

Osewe akaitikia. Hakumwambia. Alijidanganya kwamba hofu ingemtoa Adhis mimba, kumbe alikuwa anaona haya. Badala yake akaifuta ile email kwenye seva, akaitoa programu yote, na harufu ikaisha. Adhis akalalamika kidogo kwamba Caren amenyamaza siku hizi. Osewe akaanza kulala tena.

Mtoto alizaliwa salama, msichana mzito, akaanza kulia na hakunyamaza. Siku tatu. Hakutaka ziwa, hakutaka chupa. Madaktari wakampima, hawakuona ugonjwa, wakasema tu asiponyonya atawafia mikononi. Mama yao akapiga simu kutoka nyumbani, simu ikawekwa karibu na sikio la mtoto, akataja majina ya marehemu wote wa ukoo, bibi kwa bibi, na mtoto akalia juu ya kila jina mpaka sauti ikaanza kukauka na mdomo ukawa unafunguka tu. Adhis alikuwa amechoka hata kulia. Osewe alikuwa amesimama hapo, anajua jina, na kulitaja ni kumpa Caren mtoto, na kutolitaja ni kumzika huyo mtoto.

Akainama. "Caren," akanong'ona.

Mtoto akanyamaza papo hapo. Akageuza kichwa, akashika ziwa, akanyonya kwa nguvu. Adhis akaanza kulia kwa furaha, akamshukuru Mungu, akamshukuru kaka yake, akamshika mkono akiuliza amemwita nani. Osewe akamwambia. Hakukuwa na jina lingine la kumdanganyia.

Adhis akatabasamu bado, kisha tabasamu likapotea.

"Lakini Osewe," akasema kwa sauti ndogo, "si ulisema Caren yuko hai?"

Mtoto alikuwa ananyonya macho wazi, anamwangalia Osewe.