Atakayeigusa Atarudi

Ilikuwa saa kumi na nusu jioni, mwezi wa Novemba, na magoti yangu yalikuwa yamestaafu kabla yangu. Miaka thelathini na moja nimewatembeza wageni jijini Praha, mwavuli juu wasinipoteze, sauti juu. Kundi hili la watu tisa ndilo lilikuwa la mwisho. Jumamosi nilikuwa nahamia mji mdogo wa Telč kwa binti yangu Radka, nikalale. Sikutaka kingine duniani ila kulala.

"Mzee Oldřich!" Květa aliniita kutoka kwenye kibanda chake cha divai ya moto. "Leo unawadanganya kwa mara ya mwisho, eh? Kumbe hata uongo unastaafu!"

"Ninyamazie, mama. Uongo wangu ndio unaokuletea wateja."

Hakukosea. Kila mgeni ameshasikia kwamba ukigusa bamba la shaba chini ya sanamu ya mtakatifu pale darajani, lazima utarudi Praha. Lakini foleni yake ni ndefu kama Kwaresima. Miaka kumi na miwili iliyopita goti liliniuma, mvua inapiga, nikalipeleka kundi langu kwenye kichochoro kilicho nyuma ya kanisa. Nikawaonyesha pete ya chuma kwenye mlango wa zamani ambao sijawahi kuuona ukifunguliwa.

"Ile ya darajani ni geresha," nikawanong'oneza. "Hii ndiyo yenyewe."

Nikaigusa mimi kwanza, wakanifuata wote. Tangu siku hiyo sikurudi tena kwenye foleni, na ile pete imeng'aa kwa viganja vya watu.

Jioni ile wageni walibaki nyuma wakipiga picha taa za barabarani. Nikaingia kichochoroni peke yangu.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Dawa ya hospitali... na mishumaa iliyozimwa.

Bibi mmoja alikuwa amesimama kando ya mlango, koti la kijani, ramani mkononi. Koti lilikuwa likichuruzika maji. Siku nzima mvua haikunyesha.

"Umechelewa," akanong'ona.

Nilimtambua. Ingeborg, kutoka Denmark. Alikuja Aprili na mumewe. Ndiye aliyeishika pete kwa mikono miwili, akacheka, akaapa kwamba atarudi.

"Bibi, karibu tena," nikasema. "Mzee wako hajambo?"

"Sijui. Walinizika Agosti."

Nilitaka kucheka. Nikalitazama tena lile koti linalochuruzika.

"Nilikuwa nimechoka sana," akaendelea. "Nikasema sasa nitapumzika. Lakini kila jioni najikuta hapa... nasimama mpaka kunapambazuka. Nirudishe nyumbani, mzee wangu."

"Lakini ule ulikuwa uongo! Niliutunga mwenyewe, kwa ajili ya goti tu!"

"Sisi tuliamini," akasema taratibu. "Na mlango haukuambiwa."

Ndipo nikaona kwamba hakuwa peke yake. Kichochoro kizima, ukutani, walisimama watu. Wazee wengi, vijana wachache, kofia za jua, kamera shingoni. Walinitazama kwa subira ile ya wageni wanaongoja waambiwe pa kwenda.

Nyuma yangu nikasikia viatu na vicheko. Wageni wangu tisa walikuwa wamefika. Hawakuona mtu.

"Msiguse!" nikapiga kelele. "Ni uongo! Rudini!"

Bwana mmoja mwenye kipara akapasuka kwa kicheko. "Mnamwona? Huyu babu ni mwigizaji hasa!"

Wakaigusa, mmoja baada ya mwingine. Ingeborg aliwapisha kwa adabu. Mama wa mwisho nilimshika mkono, akajichomoa kwa hasira.

"Niache, babu! Nimetoka mbali kwa ajili ya hii."

Nikaegemea ukuta. Ubaridi ukanigusa sikio, na ile harufu ya mishumaa.

"Usijisumbue nao," Ingeborg akaninong'oneza. "Wewe mwenyewe umeigusa mara ngapi?"

Kila siku.

Miaka kumi na miwili.

Sasa niko Telč. Radka ananipikia supu ya kitunguu saumu, kitanda ni laini, na usingizi haunijii. Daktari anasema moyo umechoka, huenda nisiione Pasaka. Kiganja changu cha kulia kinanuka chuma. Nimekisugua kwa sabuni, kwa siki, kwa majivu, wapi. Naogopa, nalisema wazi. Si kufa ninakokuogopa. Mtu aliyechoka kama mimi angekufa kwa furaha, kama kufa kungekuwa ni kulala.

Jana nilimwomba Radka anizike na mwavuli wangu.

"Wa nini huko, baba?" akauliza, akijaribu kutabasamu. "Chini hakunyeshi mvua."

Sikutaka kumtisha. Lakini wale watu kichochoroni ni wengi, na siku hizi giza linaingia mapema. Bila mwavuli, watanionaje?