Gorogoro Aliyoikalia Nyamoita

Kila asubuhi, Nyamoita hupanga ndizi zake katika soko la Suna. Kisha hupindua gorogoro yake na kuikalia. Ni mkebe wa kilo mbili, kama ule ambao wenzake hupimia nafaka. Yeye hapimii kitu. Ni mama mwenye mwili wake, na baada ya miaka mitatu kitako cha mkebe kilikuwa kimebonyea ndani.

Jirani yake ni Asli, muuza maharagwe. Jumatatu mvua iliwashtukiza. Wakakusanya vitu mbio mbio huku wakicheka.

Jumatano hapakuwa na kicheko. Mteja mmoja alikuwa amepima maharagwe yake tena nyumbani, akakuta yamepungua. Maranga, mwenyekiti wa soko, akaja na kuigeuza gorogoro ya Asli. Kitako kilikuwa kimebonyea.

"Kumbe ndio unatupunja hivi?" alisema. "Kesho saa nne kamati inakaa. Ukikosa kujieleza, utatoka kwa hii meza."

"Wallahi sijui imekuwaje," Asli alisema huku machozi yakimlengalenga.

Nyamoita akaketi. Mbona tangu jana mkebe haumfinyi? Akainuka akautazama. Kitako kilikuwa sawa kabisa. Siku ile ya mvua walikuwa wamebadilishana mikebe bila kujua.

Lakini alinyamaza. Aliogopa kwamba yeye pia angefukuzwa.

Alasiri alienda darasa la ngumbaru, la watu wazima, kama kawaida. Mwalimu Jedidah aliandika ubaoni: stand up for.

"Ni kumtetea mtu," alieleza. "She stood up for her friend. Alimtetea rafiki yake. Hata haki yako unaweza kuitetea: stand up for your rights."

"Mwalimu, kutetea ni kugombana?" Nyamoita aliuliza.

"Hapana, mama. Hutukani mtu. Unasema ulichoona, na unakisema mbele ya wanaohusika."

"Na kama ukweli wenyewe utaniumbua mimi?"

Mwalimu aliweka chaki chini. "Hapo ni pagumu. Lakini ukinyamaza, mwenzako ndiye atabeba kosa lako."

Kesho yake, saa nne, Nyamoita alisimama mbele ya kamati na mkebe mkononi.

"Mwenyekiti, Asli hana makosa. Hiyo gorogoro mbovu ni yangu. Mimi huikalia. Yake ni hii. Tulichanganya siku ya mvua."

"Unaikalia?" Maranga aliuliza.

"Na vile unaniona, mkebe ungebaki mzima kweli?"

Kamati nzima ikaangua kicheko. Maranga alijaza maharagwe katika mkebe mzima, akayamimina katika ule mbovu. Yakafurika na kumwagika. Ikawa wazi. Asli akabaki na meza yake, akawaongezea wateja wa siku zile mbili maharagwe yaliyopungua. Tangu hapo kila muuzaji hupaka gorogoro yake alama ya rangi, na kamati huzikagua kila Jumatatu. Nyamoita hakufukuzwa. Alishusha pumzi ndefu, na usiku ule alilala fofofo.

Darasani aliandika sentensi yake mwenyewe: I stood up for Asli. Mwalimu akaitia alama ya vema.

Wiki iliyofuata Asli alifika sokoni na kigoda kipya cha mbao.

"Kalia hiki, dada yangu," alisema. "Uache kukalia biashara za watu!"