Sauti Iliyoita Adhuhuri

Shangazi yangu Elspeth alikuwa barazani anamenya njegere, asubuhi ya kawaida yenye joto na nzi, mumewe alipokuja kumwomba aache kazi ile akakae mbele ya saa.

Mumewe aliitwa Ninian Cargill, mtoto wa mfuma nguo kutoka Ayrshire kule Scotland. Gavana mmoja mpenda nyota ndiye aliyemleta huku koloni la New South Wales pamoja na darubini zake, akajenga nyumba ya kutazamia mbingu katika mji wetu kando ya mto. Baadaye gavana akarudi kwao. Waliomfuata hawakuwa na habari na nyota. Cargill akabaki na nyumba, paa likivuja, mchwa wakila sakafu, macho yake yakififia. Kazi ambayo mji uliendelea kuitaka kwake ilikuwa moja tu: kila adhuhuri alitazame jua, kisha kengele ipigwe, watu warekebishe saa zao.

Ilikuwa kazi ya watu wawili. Mmoja hulala kitini chini ya mwanya wa paa, jicho kwenye darubini iliyovishwa kioo cheusi cha kukinga macho na jua. Jua likigusa uzi uliopita katikati ya darubini, huita, "Sasa." Mwenzake, chumba cha pili, huisoma saa na kujibu, "Nimepata."

Kwa miaka mingi mwenzake alikuwa Magnus Tulloch, mtu wa visiwa vya Shetland, nao walipokezana kiti. Kiangazi kile Tulloch alikuwa na homa. Siku ile zamu ilikuwa ya Cargill, lakini Cargill alikuwa amechoka, uchovu ule usiotoka hata ukilala. Akamwomba Tulloch amshikie leo tu. Tulloch akaenda. Akaita mara moja, Cargill akajibu. Walipokwenda kumwita ale, walimkuta amekufa kitini, jicho bado kwenye darubini.

Kioo cheusi kilikuwa mkononi mwake.

Ndiyo maana shangazi aliombwa akae kwenye saa. Alikubali, kwa sababu mumewe alikuwa amekonda na hakuwa na mwingine.

Siku za mwanzo hazikuwa na shida. Kisha ikaja siku ya mawingu mazito. Shangazi alikaa kwenye saa vilevile, akasikia, "Sasa," akajibu, akatoka kupiga kengele. Mumewe alimkuta uani, ameshika kamba.

"Nani kakwambia upige?"

"Si wewe umeita? Na sauti imekukauka leo, itabidi nikupikie mchuzi."

Cargill aliutazama mlango wa chumba cha darubini. Alisema hakuingia mle tangu asubuhi. Hata mwanya wa paa hakuufungua.

Mchuzi haukupikwa.

Baada ya hapo sauti iliita kila siku kabla Cargill hajaingia kitini, tena kila siku mapema kidogo. Shangazi alijibu kwa mazoea kabla hajajizuia, na mara mbili kengele ikalia kabla ya wakati. Mjini wakaanza kucheka. Silas Pocock, mwenye duka, mfungwa wa zamani mwenye ulimi mkali, alimwuliza shangazi mbele ya wateja, "Mama Cargill, jua lenu linakimbilia wapi? Au bwana kaanza kulitafuta chupani?"

Shangazi alinunua chai yake akaondoka.

Akaamua asijibu tena. Sauti ikaita, akakaa kimya. Ikaita tena. Mwanzoni ilitoka mbali, pale kitini. Sasa ilitoka katikati ya chumba.

Kesho yake ilitoka nyuma ya mlango.

Cargill aliisikia pia siku hiyo. Aliketi kwenye benchi kama mtu aliyetuliwa mzigo na kuonyeshwa mwingine.

"Ni Magnus," alinong'ona. "Amechoka, Elspeth. Anangoja mtu wa kumpokea."

"Usiende."

"Ilikuwa zamu yangu."

Shangazi alimshika koti. Cargill akalivua, akaliacha mikononi mwake, akaingia na shati tu. Mlango ukafungwa.

Kimya. Saa inagonga. Nje jua kali, mbwa wa jirani amelala kivulini. Kisha akasikia watu wawili wakizungumza polepole, kama wanaume waliomaliza kazi. Hakushika neno hata moja. Mazungumzo yakakatika.

"Sasa."

Sauti mbili. Kwa pamoja.

Shangazi aliniambia hakujua ni ipi ya mumewe. Asipojibu, je, huyo mwingine atakuja hadi kwenye saa? Akijibu, amemjibu yupi?

"Nimepata," akasema.

Mlango ukafunguka. Cargill akatoka peke yake, akipepesa macho, akapita bila neno, akaenda kitandani. Akalala hadi siku ya pili. Alipoamka shangazi alimwuliza kilichotokea.

"Amenishika bega," alisema. "Kaniambia, nenda kalale, Ninian. Mimi nitabaki."

Walihama mwezi ule, wakachukua shamba dogo kaskazini. Cargill hakutazama tena juu, hata kuangalia kama mvua inakuja. Alilala vizuri kama mtoto. Ila hakuvumilia chochote kimguse bega la kushoto, na koti alilivaa mkono mmoja.

Alikufa miaka kadhaa baadaye, majira ya baridi, barafu ikiwa juu ya majani. Maiti ililazwa usiku kucha kwenye chumba kisicho na moto. Asubuhi nilikwenda kumsaidia shangazi kumwosha. Mwili ulikuwa umekakamaa, baridi kama jiwe la mtoni. Nilipitisha kitambaa kifuani, shingoni, nikafika kwenye bega lile la kushoto.

Lilikuwa na joto.

Nikaondoa kitambaa nikaweka kiganja. Joto la mkono wa mtu aliyeketi juani. Nilimtazama shangazi. Yeye alikuwa anakamua maji kwenye beseni, hakuinua uso.

"Mfunike," akasema. "Hapo usipaoshe."