Ufito Mlangoni kwa Saburi

Siku ya kwanza Rukaiya aliuvuka ufito bila kuuliza, na soko zima la Nachingwea likamwona.

Ilikuwa adhuhuri, msimu wa korosho. Saburi, muuza kanga na makubazi, alikwenda kuswali akaacha ufito umelazwa mlangoni. Wenyeji wanajua: mwenye duka hayupo, haingii mtu ila mkewe. Rukaiya, jinzi imembana, miwani juu ya ushungi, alikuwa ametoka Dar juzi tu kukagua korosho ghalani. Saburi aliporudi alimkuta ndani akijaribu makubazi.

"Dada, umeuvuka?"

"Hicho kijiti? Nilidhani kimeanguka."

"Basi umeshaolewa," alidakia Mwamina, muuza vitumbua wa jirani. "Mahari utaletewa hukohuko."

Kesho yake Rukaiya akarudi, eti kubazi linambana. Keshokutwa likawa linampwaya. Mwezi wa pili wakawa wanapigiana simu huku wanaonana kwa macho.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula vumbi la ghala. Njoo unipanguse."

Lakini kuposa, Saburi alikuwa wa kesho, kesho. Mwamina akamwambia Rukaiya kavukavu: "Shoga, ule ufito ni wa mke. Wewe nani kakuposa?" Tangu hapo hakuuvuka tena.

Msimu ukaisha. Jumatatu Rukaiya alikuja mbiombio, macho mekundu. Ufito mlangoni. Simu ya Saburi haipatikani.

"Saburi?" aliita. "Saburi?"

Saburi alikuwa ndani, nyuma ya meza, amejifunika kanga za kuuza, malaria imemshika hata meno yanagongana. Ufito aliuweka ili wateja wasimsumbue. Sauti aliisikia. Akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Vuka, alisema moyoni, vuka kama siku ile. Akasikia makubazi yakienda zake.

Jumanne Mwamina alimletea uji na habari. "Mwenzio kaposwa Dar. Baba yake anatoa jibu Ijumaa. Leo yuko Ruangwa anafunga kazi, kesho asubuhi anapanda basi la Dar. Nawe lala hapo."

Alfajiri ya Jumatano Saburi alikuwa nyuma ya bodaboda, koti juu ya homa, ufito mkononi. Njia nzima alimwambia dereva neno moja: ongeza.

Stendi ya Ruangwa, basi lilikuwa linanguruma. Rukaiya alimwona dirishani, akashuka.

"Nilikuwa ndani," Saburi alisema akihema. "Nilikuwa naumwa. Kwa nini hukuvuka?"

"Nivuke kama nani?"

Watu walishaanza kusogea kusikiliza. Saburi akainama, akaulaza ufito chini kati yao.

"Kama mke wangu. Nimechelewa, najua. Vuka, Rukaiya."

"Dada, panda au baki," konda alisema.

Rukaiya alilia kwanza. Kisha akauvuka, akasimama upande wa Saburi, akamshika paji la uso. "Unaungua, wewe mwanaume." Akauokota ufito, akapanda nao basi. "Nikibaki, baba atasema nimetoroshwa. Wazee wako wafike kabla ya Ijumaa. Huu nakaa nao mimi."

Adhuhuri ile Saburi alikwenda kuswali, duka likabaki wazi.

"Ufito uko wapi?" Mwamina aliuliza.

"Umekwenda Dar, na mwenyewe. Niangalizie duka kesho. Nasafiri na baba na ami."